Lango la Upande wa Vyoo

Kinyozi aliyeitwa Redio alikuwa ameisimulia mechi ile mara nyingi kuliko alivyonyoa ndevu zake mwenyewe. Wateja wengine walikuja nywele zikiwa bado fupi. Walikaa kwenye benchi, wakaegemea ukuta wenye doa la mafuta ya vichwa vya miaka yote, wakasema, "Haya, Redio, tuwekee." Naye alizima mashine. Hakuweza kunyoa na kusimulia kwa pamoja, maana akisimulia mikono yote miwili ilikuwa ya wachezaji.

"Mvua," alianza hivyo kila siku. "Mvua ambayo hata bata angeomba mwavuli. Tunataka sare tu. Tukitoa sare tunabaki ligi kuu, tukifungwa tunashuka daraja. Wametangulia wao, moja bila. Kipindi cha pili, dakika ya sabini na moja, kona! Tunashambulia lango la upande wa vyoo. Mpira unapigwa, unadondoka kwenye tope, puu, unakwama hatua moja kutoka mstarini. Golikipa anauona, kaanguka. Mshambuliaji wetu anauona, kaanguka. Watu sita chini! Nani anakuja? Beki wa kushoto. Anakuja kwa magoti, jamani, kwa magoti kama mkwe aliyekosa, anausukuma kwa goti..."

"Gooooli!" benchi zima lilijibu, pamoja na mteja mwenye nusu ya kichwa kilichonyolewa.

Dakika ya themanini na nane walifungwa la pili, timu ikashuka daraja, ikakaa huko chini miaka ishirini na minne. Sehemu hiyo Redio aliimaliza kwa sentensi moja, kisha akawasha mashine.

Mwaka huu timu ilikuwa imepanda tena. Uongozi ukajawa na furaha hadi ukajenga jukwaa, na mbele ya jukwaa ukaweka viti arobaini na kimoja. Siku ile ya mvua ziliuzwa tiketi arobaini na moja tu, kitabu kipo. Basi ikatangazwa kwamba kila aliyekuwepo atapewa kiti chake cha maisha, kimeandikwa jina lake, tarehe ya mechi, na neno NILIKUWEPO. Katika siku tatu wakajitokeza watu sitini na watatu miongoni mwa wale arobaini na mmoja, na hao ni walio hai tu. Ikabidi iundwe kamati ya kuwahoji.

"Wewe hata usipange foleni," benchi likamwambia Redio. "Kama si wewe, ni nani?"

Redio akacheka. Akaendelea kunyoa, akamkata mteja sikio kidogo, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea dukani pale.

* * *

Nyumbani kwake kulikuwa na vyumba viwili, sebule, na binti mwenye mimba ya miezi minane. Binti alikuwa amerudi kwa mama yake kujifungua, kwa kuwa mumewe alikuwa dereva wa lori na lori halijui tarehe za mtu. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Alizaliwa siku ile ile ya mechi, na kwa sababu hiyo mtaa mzima ulimwita Daraja. Shuleni walimwita Daraja la Pili. Mwalimu wa hesabu naye alimwita hivyo, tena akiita majina ya mahudhurio.

Alipokuwa na miaka saba alitumwa dukani kumpelekea baba yake chakula, akauliza mbele ya wateja, "Baba, mimi nilipozaliwa ulikuwa wapi?" Benchi likamjibu kabla baba hajafungua mdomo: "Uwanjani, mtoto mzuri! Mama yako anasukuma huku, sisi tunasukuma kule!" Wakacheka hadi wakapigana mabega. Tangu siku hiyo hakumuuliza tena, na wala hakumsamehe. Alimheshimu baba yake, alimwamkia asubuhi, alimpa maji ya kunawa. Lakini alimpa vile mtu anavyompa mgeni.

Jioni ile walikuwa wanakula.

"Baba, eti ni kweli wataandika tarehe?"

"Ndivyo wanavyosema."

"Tarehe yangu."

"Tarehe ya mechi, mama."

"Ni tarehe yangu." Binti aliweka kijiko chini. "Mama yuko kwenye uchungu, wewe uko mpirani. Sawa, yamepita, nimekua, naenda kuzaa na mimi. Ila sasa mnataka kuyaandika kwa rangi? Siku aliyozaliwa Daraja, baba yake alikuwepo kwingine, na hiki hapa kiti chake, mje mkikalie?"

"Ni heshima tu ya timu..."

"Na mimi heshima yangu iko wapi? Nisikilize, Baba. Nikiliona hilo neno kwenye kiti, sijifungulii hapa. Nakwenda kwa mama mkwe wangu. Na huyu mjukuu wako utamsikia redioni."

Akainuka kwa kushika meza, akaenda chumbani. Mama yake alikusanya sahani, akaenda jikoni, akazifungulia maji kwa nguvu. Redio akamfuata, akasimama mlangoni.

"Mwambie," mkewe alisema bila kugeuka.

"Nimwambie nini?"

"Usinifanye mtoto. Mwambie ulikuwa wapi."

Afadhali niseme wazi, maana msomaji si mteja wa kinyozi. Redio hakuwepo uwanjani. Siku ile alikuwa hospitali, nje ya wodi ya wazazi, na mechi aliisikia kwenye kiredio cha mlinzi wa hospitali. Kesho yake alipofungua duka, wenzake walikuja wamenuna kama waliofiwa, na mmoja akamuuliza, "Uliliona lile goli?" Yeye ndiye aliyekuwa mpiga tarumbeta wa timu. Mpiga tarumbeta angesemaje kwamba timu ilipokuwa inakata roho yeye alikuwa wodini na wanawake? Akasema, "Nililiona." Neno moja tu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hii ya kwake ilikwenda miaka ishirini na minne, ikapata na benchi la wateja.

"Nikimwambia yeye, nimeuambia mtaa," Redio alinong'ona. "Unamjua alivyo. Watamtania kesho sokoni, atawajibu kwa sauti. Watanicheka mpaka nifunge duka. Wanakuja kwa sababu ya ile mechi, mke wangu. Vinyozi wako wanne barabara hii, na wote wana mashine nzuri kuliko yangu."

"Mficha uchi hazai."

"Mimi nimeshazaa."

"Ndiyo. Na huyo uliyemzaa anafunga begi."

Mkewe alifunga bomba.

"Na mimi nina makosa," alisema. "Kila akiniuliza nilimwambia, muulize baba yako. Kila mwaka nilisema mwaka huu nitamwambia mwenyewe. Uliniomba nikae kimya nikiwa na mtoto wa siku moja mkononi. Ningekataa nini siku ile? Nilikuwa nataka kulala tu."

* * *

Ofisi ya timu ilikuwa stoo ya jezi kabla haijawa ofisi, na harufu haikuambiwa kwamba mambo yamebadilika. Nyuma ya meza walikaa wawili. Mmoja alikuwa Mwenyekiti, ambaye kiti namba moja kilikuwa kimeshaandikwa jina lake kwa sababu yeye ndiye aliyeagiza rangi. Wa pili alikuwa mama mmoja mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyeuza tiketi dirishani miaka thelathini. Walimwita Mama Tiketi. Mbele yake alikuwa na faili lililokula unyevu. Ukutani, kwenye benchi, walisubiri waliokuwa wamebaki kuhojiwa, na wa mwisho kabisa alikuwa Mzee wa Geti, mlinzi wa zamani wa uwanja.

"Redio, simulia tu kidogo, kwa utaratibu," Mwenyekiti alisema. "Sisi tunajua."

Redio akasimulia. Hakusimulia kidogo. Alipiga kona, alianguka kwenye tope, alikwenda kwa magoti kwenye sakafu ya simenti na suruali yake nzuri. Lilipoingia goli benchi lilipiga kelele na Mwenyekiti alifuta macho. Mama Tiketi alikuwa anasoma faili.

"Swali moja," alisema. "Kipindi cha pili tulishambulia lango lipi?"

"La upande wa vyoo. Mama, hilo hata mtoto analijua."

"Kipindi cha kwanza je?"

"La upande wa kiwanda cha mikate. Wakabadilishana."

Mama Tiketi akasogeza miwani, akasoma polepole: "Ripoti ya mwamuzi. Mapumzikoni lango la upande wa vyoo lilikuwa limejaa maji hadi magotini. Timu ngeni ilikataa kwenda kulilinda. Nahodha wao alisema uwanja si wao na maji si yao. Kwa kuwa giza lilikuwa linakaribia na mimi nilikuwa na homa, niliamuru timu zibaki zilivyokuwa. Timu hazikubadilishana malango." Akafunga faili. "Goli letu lilifungwa upande wa kiwanda cha mikate. Mtangazaji wa redio alikuwa amejifungia ndani ya gari, vioo vimejaa ukungu. Yeye alidhani wamebadilishana kama watu wote wa duniani."

"Nilisema," alisema Mzee wa Geti kutoka kwenye benchi. "Miaka ishirini na minne nasema. Mkaniita mlevi."

Mwenyekiti alikuwa amebadilika rangi, kwa sababu na yeye siku zote alikuwa akisimulia lango la upande wa vyoo. Karibu kila mtu alisimulia hivyo. Hata baadhi ya wale waliokuwepo kweli, waliolowa kweli, walikuwa wameanza kulikumbuka goli upande wa vyoo, maana Redio aliwasimulia vizuri kuliko macho yao.

"Binadamu husahau," Mwenyekiti alisema, akakohoa. "Mvua ilikuwa nyingi. Mtu anaweza kuchanganya malango. Si ndiyo, Redio? Sema tu ulisahau, tuandike, tuendelee na kazi."

Mama Tiketi alivua miwani, akamtazama kinyozi. Watu wake arobaini na mmoja aliwakumbuka wote, kwa mikono iliyopita kwenye kidirisha chake. Alisubiri.

"Nilisahau," alisema Redio.

Mwenyekiti akamwandika namba kumi na saba. Mama Tiketi akarudisha miwani, akasema, "Mwingine."

* * *

Ijumaa mchana, habari ya namba kumi na saba ikiwa imeshafika nyumbani, binti alikuwa sebuleni, begi limefungwa, amevaa viatu vya safari ambavyo miguu yake iliyovimba ilivikataa. Mama yake alikuwa amemzibia mlango kwa kiti na kukikalia, akijifanya anachambua mchele. Redio alikuwa amefunga duka mapema, jambo la pili ambalo halikuwa limewahi kutokea.

"Mama, nipishe. Shemeji anakuja kunichukua saa tisa."

"Saa tisa bado."

Ndipo ikasikika hodi. Hakuwa shemeji. Alikuwa Mchoraji, yule anayechora mabango ya maduka na sura za kuku ukutani, shabiki wa timu, na mtu ambaye habari ikimfikia saa nne, saa tano inauzwa gengeni. Alikuwa na kopo la rangi nyeupe na brashi tatu.

"Wenyewe mpo? Naona kuna safari. Shikamoo, mama. Daraja, hongera, tumbo limekaa vizuri, hilo ni dume. Redio, nimefika kwenye kiti chako. Nataka kujua tu, niandike Redio, au niandike Kinyozi, au jina lako la cheti? Tarehe ninayo. NILIKUWEPO nishaiandika."

Binti alilivuta begi. Mama yake alikamata miguu ya kiti kwa mikono yote miwili, akamtazama mumewe. Kwa kweli alimtazama kwa hasira, na pia kwa huruma, maana alikuwa anampenda mwanamume huyu mwoga.

"Futa," alisema Redio.

"Nifute nini?"

"Hilo neno. Sikuwepo."

Mchoraji akacheka kwanza, akidhani ni utani. "Acha hizo. Rangi ni ya mafuta hiyo, haifutiki. Hukuwepo, ulikuwa wapi?"

"Hospitali. Wodi ya wazazi."

"Wewe? Mpiga tarumbeta?"

"Mimi."

Mchoraji alimtazama mama, akamtazama binti, akaona hakuna anayecheka, basi akacheka yeye kwa niaba ya wote. Alicheka hadi akaweka kopo chini. "Redio alikuwa leba!" alisema. "Jamani, jamani! Watu wanalia uwanjani, Redio yuko leba anasubiri kona!" Alijifuta macho kwa mkono wenye rangi, akaokota kopo lake, akatoka hata bila kuaga. Walimsikia akianza kusimulia kabla hajafika barabarani.

Redio alibaki amesimama katikati ya sebule. Masikio yake yalikuwa ya moto. Alijua kwamba jioni hiyo benchi lake litakuwa na mechi mpya, na yeye ndiye atakuwa mpira.

"Unasema hivyo kwa sababu naondoka," binti alisema.

"Hapana."

"Ndiyo. Umeniona na begi, umepata uongo mwingine. Miaka yote hiyo mtaa mzima unasema ulikuwepo, wewe mwenyewe unasema ulikuwepo, leo ghafla hukuwepo? Mama, huyu anasema kweli?"

Mama aliweka ungo wa mchele chini.

"Dirisha la wodi lilikuwa na kioo kimevunjika," alisema. "Kitanda changu kilikuwa chini yake. Mvua inaingia, inanipiga usoni na mimi nina uchungu. Nikamwambia nesi, nesi akasema kitanda kingine hakuna. Wanaume walikuwa hawaruhusiwi ndani. Basi baba yako akasimama nje, akaweka mgongo kwenye lile tundu. Tangu asubuhi mpaka ulipotoka. Mimi siku nzima nilichokiona ni mgongo wenye jezi. Nikimwita ananijibu, lakini hageuki, maana akigeuka mvua inaingia. Kando yake mlinzi wa hospitali anasikiliza mechi kwenye kiredio chake."

Binti alikuwa amekaa juu ya begi. Kitu ndani ya begi kilipasuka chini ya uzito wake. Alianza kulia kwa hasira, kama alivyolia akiwa na miaka saba, bila kujificha uso.

"Sasa kwa nini hamkuniambia? Mmeniacha namchukia bure! Nimeitwa Daraja la Pili mbele ya darasa zima, nikarudi nyumbani nikamchukia huyu, na ninyi mnanitazama tu mnakula! Mnajua mtu anachoka vipi kumchukia baba yake?"

"Niliona haya," Redio alisema. "Mwanzo niliwaonea haya wao. Baadaye nikakuonea haya wewe. Nisamehe, mwanangu."

Mama alifuta pua kwa kanga, akarudi kwenye mchele wake. Nje shemeji alipiga honi mara mbili, hakuna aliyekwenda kumfungulia. Binti alivua kiatu kimoja, akaushika mguu wake uliovimba. Bado alikuwa anamtazama baba yake kwa mashaka, maana hasira ya miaka mingi haiondoki siku moja kwa sababu ya tundu la dirisha.

"Haya," alisema. "Mlinzi alikuwa na redio, wewe ulikuwa umesimama pale pale. Basi nisimulie mimi. Mimi pekee ndiye hujawahi kunisimulia. Lile goli lilifungwaje?"

Redio alipumua. Mikono yake ilipanda yenyewe kama dukani, ikafika usawa wa kifua, tayari kwa kona. Kisha akaishusha.

"Sijui," alisema. "Nilimuuliza mlinzi baadaye, ndiye aliyenisimulia. Mimi sikulisikia. Dakika ile ulikuwa unalia."